Mkono wa Kushoto wa Mchora Mabango

3 Machi

Dada mpenzi,

Hujambo? Maabara yako haijambo? Sisi wazima, tena wazima kupita kiasi! Mwezi wa pili wa ndoa huu, na bado nikisikia ufunguo mlangoni moyo unaruka. Mchora mabango wangu akiwa juu ya ngazi, herufi zake zimenyooka kama zimepigwa rula. Lakini akikaa kochini akaniwekea mkono wa kushoto begani, unatetemeka! Kumbe mwanamume mzima hutetemeka kwa mapenzi. Jioni hata mguu unajikunja, mwenyewe anasingizia ngazi. Namkanda huku nacheka. Dada, nimepata!

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Sijambo. Nafurahi mkifurahi. Mkono unaotetemeka ukipumzika na kutulia ukifanya kazi si mapenzi. Mtu wa miaka ishirini na tisa hakunjiki mguu bure. Mlete kwa daktari wa mishipa ya fahamu hapa kwetu. Usininunie.

Dada yako

17 Machi

Dada,

Salamu chukua, ila nimenuna. Mtu akipiga chafya wewe unataka makohozi! Hata hivyo amekubali kuja, tena bila ubishi. Ajabu.

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu,

Natumai unalala vizuri. Majibu yametoka. Mumeo anaogopa kukwambia mwenyewe, kaniomba nikuandikie.

Ndani ya seli mna mitambo midogo ya nishati. Ikichakaa, kimeng'enya kiitwacho parkini husaidia kuibandika alama ili itupwe. Yeye karithi kasoro kwa baba na kwa mama, hivyo chake hakifanyi kazi. Mitambo mibovu inarundikana, na seli za ubongo zinazoongoza mwendo zinakufa kidogo kidogo; ndiyo maana mkono unatetemeka na mguu unajikunja. Haponi, lakini ugonjwa huu huenda taratibu na vidonge husaidia sana. Upimwe nawe kama una kasoro hiyo, kwa ajili ya watoto mtakaozaa.

La mwisho. Alimwambia daktari, nami nikiwepo, kwamba kaka yake alianza hivihivi. Wewe alikwambia? Ukitaka kurudi, chumba kipo.

Dada yako

9 Mei

Dada,

U mzima? Alhamisi nakuja kutolewa damu. Chumba kipangishe.

Barua yako niliisoma mara tatu. Kisha nikamuuliza mume wangu kwa nini alinificha habari za kaka yake.

"Niliogopa ungenikataa."

"Ukaninyima nafasi ya kukukubali."

Akalia, nami nikalia, wali ukaungua. Hasira ninayo bado, na kumpenda nampenda. Nikamwambia aniulize upya, kama siku ya posa, ila safari hii aseme yote.

Akasema yote. Nikamjibu ndiyo.

Mdogo wako