Nilimwita Mwanafunzi Wangu, Kumbe Ndiye Mwalimu Wangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kwa sababu wiki ya pili sasa naingia darasani nikiwa siwezi kumtazama mwanafunzi wangu mmoja usoni. Nina miaka hamsini na tatu, niko hapa Bahi, nilianza kufundisha uhazili tangu enzi za mashine za taipu, na mwaka huu mkuu wa chuo aliniita akasema nitafundisha kutengeneza tovuti, nikamwambia sijui, akasema, "Mwalimu, kompyuta si ni kompyuta tu?" basi nikatafuta mtandaoni nikapata masomo ya bure ya kijana mmoja anayeeleza kwa Kiswahili kizuri, taratibu, nikawa kila jioni naangalia somo moja, naandika kwenye daftari, asubuhi nafundisha kama langu, hadi mfano wake wa kadi ya harusi, kwamba kwanza unaandika maneno, ndipo unayapanga, ndipo unatia rangi.

Wanafunzi wakanipenda, hasa Sikudhani, mama wa watoto wawili, ambaye ametengeneza ukurasa wa kuuza mchele wa mama yake na watu wa Dodoma mjini wameanza kupiga simu. Wiki iliyopita alinifuata ofisini, akaniamkia, akanionyesha kwenye simu yake yule kijana akieleza kadi ya harusi. Nikajua nimekamatwa. Yeye akatabasamu, akauliza, "Mwalimu, huyu ulimfundisha wewe?" Nikasema ndiyo. Akafurahi mno, akawaambia wenzake, na sasa darasa zima linataka kumwandikia kijana huyo kwamba wanafundishwa na mwalimu wake. Nikisema ukweli wataniona tapeli, nikinyamaza wataandika. Nifanye nini?

Mwalimu mwenye aibu, Bahi

Mwalimu wangu, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili na tapeli simwoni. Namwona mtu mzima aliyerudi shule kila jioni baada ya kazi ili wanafunzi wake wasikose. Masomo yale yamewekwa huko ili watu wajifunze. Lakini uliyafanya yako, na ile "ndiyo" ilikuwa uongo, tena kwa mtu anayekuheshimu. Hapo sikutetei.

Usingoje waandike. Kesho mwite Sikudhani peke yake kwanza, maana yeye ndiye uliyemdanganya. Usizunguke. Mwambie, "Yule ndiye anayenifundisha mimi." Kisha ingia darasani uwaambie wote, fungua somo lile mbele yao, andika jina la kijana ubaoni, na tangu siku hiyo kila somo utaje umelitoa wapi. Hao watachukua picha na maandishi ya watu mtandaoni kila siku. Adabu ya kumtaja mwenye kazi waione kwako. Barua kwa kijana iandikwe, ila uianze wewe, kwa kumshukuru. Na mkuu wako mwambie waziwazi kwamba unahitaji kupelekwa mafunzo.

Jibu hilo nilimtumia mwalimu kwa simu kabla ya kulichapa, wanafunzi wake wasije wakalisoma gazetini kwanza. Siku tatu baadaye alinipigia, sauti yake imetulia, akaniruhusu nichape yote. Anasema Sikudhani aliitazama meza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, haya yote umeyajua mwaka huu tu?"

Mwalimu akakiri.

"Basi hata mimi naweza kuwafundisha wenzangu kule kijijini."