Nilichoandika Kuhusu Ndizi

Jumatatu, 3 Machi 1986
Kadi za kliniki tangu asubuhi. Mizani, jina, kilo, anayefuata. Mukamana, kibarua wa shamba la kahawa huko Rugu, amemleta mwanawe Eliya, miaka miwili. Miguu imevimba. Nywele zimefifia, rangi ya kutu. Hachezi, hatazami mtu. Mganga amesema ni kwashakoo, akamlaza. Akamuuliza mama anampa nini.
"Ndizi. Asubuhi, mchana na jioni, kama ubao wenu unavyosema."
Ubao wa lishe pale ukutani niliuandika mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeusoma tena kabla wenzangu hawajafika. Mpe mtoto ndizi asubuhi, mchana na jioni: hutia nguvu. Zina wanga mwingi, madini ya potasiamu, vitamini C. Zikiiva, wanga hugeuka sukari. Yote kweli. Katika kitabu cha lishe nilichonakili kulikuwa na mstari mmoja zaidi: protini ni kidogo sana, mtoto achanganyiwe maharage au dagaa. Niliuacha. Nafasi iliisha, na kwetu sisi Wanyambo ndizi hupikwa chungu kimoja na maharage. Mnyambo gani asiyejua?
Mukamana si Mnyambo. Ametoka Burundi mwaka jana.
Naogopa. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 5 Machi
Eliya anakataa kijiko. Mama amemweleza muuguzi, Dada Koku, kwamba alikuwa na debe la maharage. Baada ya kusoma ubao aliliuza sokoni Omurushaka, akanunua mikungu ya ndizi.
Nimeshindwa kula.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia mganga. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.
"Kamwambie mama yake."
Dada Koku akaongeza, "Karani, umesoma hadi kidato cha sita, ila chungu hujawahi kukifunua."
Nimekwenda wodini. Nikamwamkia Mukamana shikamoo, kama mkubwa wangu, nikasema yote. Aliifunika miguu ya Eliya kwa shuka.
"Nilikuamini, karani. Una mwandiko mzuri."


Jumapili, 9 Machi
Maziwa kwa kijiko, kila baada ya saa mbili. Nusu anatema. Mganga hasemi atapona, hasemi atakufa. Sikwenda kanisani. Niliona haya kuomba.

Alhamisi, 13 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nilipita wodini na bakuli la uji la mtoto mwingine. Eliya alilitazama. Akalifuata kwa macho hadi kitanda cha mwisho, akanyoosha mkono, akalia kwa hasira.
Dada Koku aliacha kukunja shuka. "Njaa imerudi," akasema. "Ndiyo tuliyokuwa tukiingoja."
Mama yake hakumbembeleza. Alimwacha alie.