Madume Kumi na Wawili kwenye Chupa

Jumatatu, 3 Machi

Katapila linakuja Ijumaa! Tumeambiwa leo saa nne, kama mtu anayeambiwa chai iko tayari. Watakwangua nyasi zote za ukingo wa kijito ili mfereji upanuke. Nyasi zilezile anamokaa samaki wetu, mrija, na hatujawahi kumwona pengine popote. Tuna siku nne za kuwatoa.

Bwana Muhuri — bosi wetu, hakuna karatasi inayompita bila kugongwa — anasema kazi haianzi mpaka tuandike ripoti kwamba samaki wamehifadhiwa. Basi ni sisi.

Nimeshinda majini hadi kiunoni na Mama Ndoo, msafishaji wa maabara. Mrija ni mtihani! Mwembamba kama penseli, mwili pingili tupu, mdomo mrefu wa kufyonzea vijidudu. Hakimbii. Anasimama wima katikati ya majani, anajifanya jani. Tumepata tisa. Mgongo si wangu tena.

Jumatano, 5 Machi

Jumla ishirini na saba. Kumi na watatu wana mayai, yamebanana chini ya tumbo safu kwa safu, kama shanga. Mama wajawazito! Kumi na wanne hawana kitu. Madume, basi. Nikaandika hivyo daftarini, kwa wino.

Matangi ni mawili na moja linavuja. Bwana Muhuri akaamua: madume wawili wanatosha, waliobaki watiwe kwenye spiriti, vielelezo vya makumbusho. Jogoo mmoja hutosha boma zima, akasema. Tukacheka. Na mimi nilicheka.

Mama Ndoo akachungulia. Madume gani hawa wenye vitambi, akauliza. Nikamjibu ni shibe tu, madume wa siku hizi wote wana vitambi. Akaendelea kupiga deki.

Nimewatia mwenyewe. Kumi na wawili. Hawakuchukua muda.

Ijumaa, 7 Machi

Saa mbili ripoti imegongwa muhuri. Saa tatu katapila likashuka. Kufikia adhuhuri ukingo mtupu, maji rangi ya chai ya maziwa. Nilidhani nitalia, sikulia. Wako salama tangini.

Jumatatu, 10 Machi

Mungu wangu.

Makumbusho wanataka jinsia ithibitishwe kwa kupasua. Kazi ya dakika tano. Nikampasua wa kwanza — mayai. Tumbo zima mayai!! Nikasema nimekosea chupa. Wa pili, mayai. Wa tatu. Wa sita, mayai, na bado niliendelea, kwa sababu lazima mmoja angekuwa dume. Hakuna. Wote kumi na wawili.

Nikakaa sakafuni.

Baadaye nikapekua kabati la makaratasi ya zamani. Kurasa nne zilizotafunwa na mende, na kila kitu kimo humo. Jike hutaga, huyabandika mayai chini ya tumbo la dume, halafu huenda zake. Anayebeba ni dume, mpaka yaanguliwe. Vitoto hushuka na maji hadi kwenye maji ya chumvi, baharini, na aliyeandika alijaribu kuwalea tangini akashindwa: hawakumaliza wiki.

Kwa hiyo nina baba kumi na watatu. Na majike wawili — wawili! — wale tuliowabakiza tukidhani madume. Wakifa hao, hakuna wa kutaga tena. Nyasi nazo hazipo. Nimeua mama kumi na wawili kwa mkono huu, nikichekea jogoo wa Bwana Muhuri.

Jioni nikamwambia Baba. Akasimamisha cherehani, akavua miwani. Alinilea peke yake tangu nina miezi minane, mimi mgongoni, yeye anashona, wateja wanamcheka. Akaniuliza taratibu: yaani hata wewe hukuwaza kwamba anaweza kuwa baba? Naona aibu mpaka sasa.

Jumanne, 11 Machi

Nimemweleza Bwana Muhuri. Akafunga mlango. Akayatazama mayai kwenye sahani, jasho likamtoka. Ripoti imeshafika kwa wakubwa, akasema, ina saini zetu wawili, na ukingo umeshachimbwa. Tuache ilivyo. Samaki hawasomi ripoti.

Nikadhani anatania. Hatanii!

Mama Ndoo hakuniambia “si nilikuuliza?” Alikwenda kwenye lundo la katapila, akaokota nyasi zilizokuwa bado mbichi, akaziosha, akazipanda tangini. Majike wawili wakaingia humo papo hapo, wakasimama wima.

Alhamisi, 13 Machi

Saa nne na nusu. Mwandiko mbaya, naandikia juu ya goti.

Asubuhi mayai ya baba mmoja yalikuwa yameota macho. Nukta mbili nyeusi kila yai! Nilikuwa bado nayatazama walipoingia wageni wa makumbusho. Mzee mmoja wao akainua chupa yangu. Wote wamepasuliwa, akalalamika, tunahitaji dume mzima wa kuweka kabatini.

Bwana Muhuri akaniambia, bila kunitazama usoni: toa mmoja tangini. Asiye na mayai, kama ripoti inavyosema. Akafungua chupa ya spiriti mwenyewe.

Nikachukua wavu. Nikawavua wote wawili, nikawatia ndooni. Mgeni akatabasamu. Nikaipita meza, nikaipita chupa, nikaingia stoo, nikajifungia.

Sikupanga! Miguu ilijiendea.

Wako hapa kati ya magoti yangu. Mmoja amesimama wima kando ya jani moja lililokuja na wavu. Pampu ya hewa iko kule. Humu ndooni watastahimili saa mbili, labda.

Bwana Muhuri anagonga. Ananiita kwa jina langu lote, mpaka la Baba. Mgeni anauliza kuna tatizo gani. Halafu Mama Ndoo, kwa sauti yake ya kawaida: mmemwambia aue majike, na ndio hao wawili tu waliobaki.

Mgeni anasema, lakini ripoti inasema majike ni kumi na watatu.

Hakuna anayegonga tena. Wananisubiri mimi, na ufunguo uko upande wangu.