Darubini Haijaharibika

Mazingara, Handeni
Katikati ya Shaabani

Kaka Jabiri,

Shikamoo. Najua barua hii itakukuta umetoka kiwandani na mikono imejaa grisi, kwa hiyo nawa kwanza ndipo uifungue, maana sina nguvu ya kuiandika mara ya pili. Wifi hajambo? Na yule mtoto wa mwisho, ameacha kukohoa? Vumbi la katani la hapo Ngombezi nalijua. Sisi huku tunaendelea. Mama mgongo bado unamsumbua, lakini anaandaa shamba la masika vilevile, na ukimkataza anakuuliza kama mwaka huu utakula mawe. Baba yupo. Habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu, kwa sababu nikipiga simu anasikia. Siku hizi masikio yake yananasa hata mnong'ono wa jikoni.

Kwanza nikushukuru kwa kile kifaa. Wallahi kaka, una mikono! Unakumbuka ile darubini niliyoachiwa na Mwalimu Deogratius alipohamishwa kutoka shuleni kwetu, jinsi ilivyonitesa. Ile sehemu ya nyuma inayosogea ili picha itulie ilikuwa ya plastiki, nikifunga kamera tu inalegea kwa uzito, na mwezi unatoka kama chapati iliyolowa chai. Hii uliyonichongea kwa chuma imekaza barabara. Kigurudumu kikubwa kinasogeza haraka, kile kidogo kinasogeza taratibu kabisa, na kamera haishuki ng'o. Nimepiga picha za mashimo ya mwezi, nimepiga sayari ya Mshtarii na vimwezi vyake. Wanafunzi wangu wakasema nimezitoa kwenye mtandao, wajinga wale, nikawapa mtihani.

Aliyefurahi kunishinda ni Baba. Kila jioni akishaswali magharibi alikuwa anakuja uani, anakaa kwenye kigoda, anaweka jicho na kuzungusha kile kigurudumu kidogo, mbele, nyuma, mbele, kama anayetafuta stesheni ya redio. Nilikuwa namweleza kilichopo, shimo lile, mlima ule, naye anaitikia. Kesho yake utamsikia barazani anawasimulia wenzake kwamba mwanawe wa Ngombezi amechonga kitu ambacho Ulaya wanauza. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Sasa unajua mwenyewe habari ya mwezi hapa kwetu. Redio itangaze itakavyotangaza, msikiti wetu haufungi saumu wala haufungui mpaka Baba, Mzee Mhina wao, aseme ameuona. Na mwaka jana unakumbuka mzozo uliotokea: tulikula Idi kwa neno lake, na wenzetu wa Handeni mjini walikuwa bado wamefunga. Watu walitupiana maneno mpaka wengine wakahama msikiti. Kwa hiyo Ustadh Sabiri alikuja nyumbani mwanzoni mwa mwezi huu akaomba mwaka huu, siku ya kutazama mwezi wa Ramadhani, niweke darubini uwanjani na kamera yake, ili Baba akisema ameuona, watu wote waone na picha, fitina iishe. Baba alikubali pale pale, kifua mbele.

Jioni hiyohiyo akasema amwonyeshe Ustadh. Mwezi ulikuwa nusu, juu kabisa. Nilikuwa nimeshaielekeza darubini, nikarudisha kifuniko cha mbele kwa ajili ya vumbi, nikaingia ndani kuchukua kamera. Natoka, namkuta Baba ameinama, jicho liko pale, mkono uko kwenye kigurudumu, anamweleza Ustadh mashimo na milima. Maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno. Na kifuniko, kaka, kilikuwa bado kipo.

Nilipita mbele kama ninayetafuta kitu, nikakitoa kwa upindo wa khanga Ustadh asione. Alipoinama yeye akaona ukungu tu, kwa sababu Baba alikuwa amezungusha mpaka mwisho. Nikamwambia kila jicho na kipimo chake, nikamrekebishia, akamsifu Mungu, akaenda zake. Nadhani Baba alikisikia kifuniko kikitoka.

Ndipo mambo mengine yakanijia yote kwa mpigo: chai anayomwagia mkeka, shamba la mbali aliloacha kwenda, watu anaowatambua kwa sauti. Tulikuwa tunasema uzee. Nikafikiria siku ile uwanjani, Baba anaonyesha kidole kwenye mawingu na kamera inaonyesha hakuna kitu, mbele ya wale wale waliomtukana mwaka jana. Sikuweza.

Sasa hapa ndipo nikuombe radhi, kaka yangu. Nilikifungua kile kifaa chako, nikakificha kwenye debe la unga, nikamwambia Ustadh kimevunjika. Nikaongeza na chumvi: kwamba ni vyuma chakavu vya kiwandani, nilijua tu havitadumu. Habari ikaenea. Wakakucheka, nami nikanyamaza.

Ijumaa habari hiyo ikamfikia Baba, msikitini, kwa mdomo wa mtu aliyesema fundi wa katani aendelee na katani. Ustadh ndiye aliyekuja kunisimulia, na machozi yanamtoka. Baba alisimama mbele ya watu wote akasema darubini haijaharibika. Akasema chuma alichochonga mwanawe hakina kasoro, amekishika kila jioni kwa mkono wake, na ndicho kitu pekee alichokuwa akikiona pale. Kilichoharibika ni macho yake, na mwezi wa Idi ya mwaka jana hakuuona.

Kaka, mji umepasuka. Kuna wanaouliza kama inawapasa kulipa saumu ya siku ile, kuna waliokuwa wanamwamkia ambao sasa wanapitia njia ya nyuma. Mganga wa zahanati amemtazama akasema ni mtoto wa jicho. La kulia huenda likapona akiwahishwa hospitali, la kushoto hakulizungumzia. Baba nikimwambia twende, anageukia ukutani. Tangu Ijumaa amenisemesha kwa hiari yake mara moja tu, kuniamuru nirudishe kifaa chako mahali pake.

Nimekirudisha. Jana alikuja akakaa kwenye kigoda, akazungusha kile kigurudumu kidogo kwa muda mrefu. Hakuuliza kuna nini angani. Njoo kaka, usingoje mwezi uandame. Kwangu hatoki, lakini wewe ukimshika mkono atakwenda.

Mama anakusalimu sana, nawe utusalimie wifi na watoto. Baba nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema nikwambie kigurudumu kinazunguka laini.

Mdogo wako,
Yusra Mhina