Kiyoyozi Kinaenda Chumbani

Baba Spesi, maharage yako jikoni, yapashe moto. Spesi, anua nguo, na fundi akifika kabla sijarudi mfungulie.

Nimeenda mjini kununua kiyoyozi. Kile kidogo, cha chumbani. Ndiyo, kidogo.

Asubuhi wewe na shemeji Gratien mmezunguka sebule na futi kamba, mnachagua kikubwa, eti wageni wakiingia wakione. Sebule ile haina dari! Mtapoza mabati? Dari iko chumbani kwetu tu. Nilikwambia, ukajifanya husikii. Nikasema usiku mwili unaniwaka, naamka khanga imelowa jasho, ndiyo umri wenyewe huu. Ukamgeukia mdogo wako: "Huyu siku hizi ni jiko la mkaa, halizimiki." Mkacheka wote wawili. Mimi sikucheka, kama uliona.

Mpunga wa shamba la Kabungu nimelima mimi, na hela yake najua inakokwenda. Wageni wako wawashie feni, ile ile inayopiga kelele. Wakishindwa wakae barazani, upepo upo.

~~Leo utalala sebuleni.~~ Hapana, hiyo nimeikata, usije ukasema nina hasira.

Ila ujue, kiyoyozi kikiwaka mlango wa chumba unafungwa, ubaridi usitoke. Ukija kulala, piga hodi. Nikisikia kicheko, sifungui.

Mama Spesi