Nimeficha Kadi ya Kliniki ya Mjukuu Wangu

Mpendwa mshauri,

Pole na kazi ya kusoma matatizo ya watu. La kwangu naomba msaada, ila ulisome hadi mwisho ndipo unihukumu. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na tisa, kwetu ni Kisarawe, nina shamba langu la mihogo, lakini miezi minane sasa naishi Kibaha kwa binti yangu Hamisa, kwa sababu alipojifungua aliniita nije nimkande, na likizo yake ya uzazi ilipokwisha akarudi ofisini mjini nikabaki na mtoto mimi, anaondoka mtoto hajaamka na akirudi anamkuta ameshaoga na kula, kwa hiyo nikisema mtoto huyu amelelewa na mikono yangu sijisifu, ndivyo ilivyo.

Mtoto anaitwa Mwinyimadi, jina la marehemu mume wangu, na kama ilivyo kawaida yetu mabibi mimi namwita bwana wangu, namwambia bwana wangu leo umechelewa kuamka na chai imepoa, na nyumba nzima inacheka.

Baba yake, mkwe wangu Ally, ni fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja cha mafuta ya kula huko Zegereni, na mwenye kiwanda amefungua tawi Singida akamhamishia huko, akatangulia mwezi mmoja kutafuta nyumba kisha akarudi kuchukua mke na mtoto, na Hamisa naye akapata uhamisho. Wakaanza maandalizi. Hamisa aliandika kwenye daftari kila kitu cha kubeba, nepi, chupa ya maji ya moto, sweta kwa sababu Singida kuna upepo, dawa ya homa, blanketi mbili, na juu kabisa akaandika kadi ya kliniki na kuipigia mstari, akaniambia, "Mama, bila kadi mimi sipandi basi. Mtoto akiugua njiani nitamwonyesha daktari nini?" Maneno hayo ndiyo yaliyonipa wazo, siwezi kumsingizia shetani.

Siku mbili kabla ya safari niliaga kwamba nakwenda Kisarawe kuangalia shamba, nikaondoka na kadi kwenye pochi, nikaiweka ndani ya sanduku langu la kanga, nikafunga, nikarudi Kibaha jioni nikapika. Kesho yake wakaanza kuitafuta na mimi nikatafuta nao, hadi godoro niliinua.

Nilidhani safari itasogezwa siku chache tu ili nizoee kwamba anaondoka, sikuwa na mpango zaidi ya hapo. Lakini Hamisa akakumbuka kwamba Ally ndiye aliyechambua makaratasi na kutupa yasiyotakiwa, akasema ni yeye aliyeitupa kadi, Ally akakana, wakarushiana maneno, na mwisho Ally, ambaye kwa heshima hata kukaa kochi moja na mimi hakai, akaenda nyuma ya nyumba akachokoa shimo la taka kwa mikono yake, karatasi moja moja, na mimi nimesimama dirishani na mtoto mgongoni. Hakuipata. Alinawa, akaja akaniambia, "Mama, nisamehe kwa usumbufu huu." Sikumjibu.

Hii ni wiki ya pili. Tiketi walizirudisha, na Hamisa amerejea kwanza ofisini kwake mjini. Hamisa hasemi na mumewe ila kupitia kwangu, "Mama, mwambie baba Mwinyi chakula tayari." Kliniki wamesema watamwandikia kadi nyingine lakini mpaka rejista ipekuliwe, na chanjo ya surua ya miezi tisa ndiyo hiyo inakaribia. Ally anatakiwa kazini tarehe moja, na juzi nimemsikia akisema atatangulia peke yake, na Hamisa akamjibu, "Nenda, na usiturudie." Mtoto atabaki kwangu, ndicho nilichokitaka, na sioni furaha yoyote. Je, nikiirudisha kadi kimyakimya kwenye kabati yatakwisha? Au niseme? Na nikisema, mkwe wangu nitamtazama kwa macho gani?

Bibi wa Bwana Mdogo, Kibaha

ANTI LAURENSIA ANAJIBU:

Shikamoo, mama. Naanza na shikamoo ili yanayofuata uyapokee ukijua kwamba heshima yako iko pale pale.

Pole. Kulea mtoto miezi minane kisha kuona mabegi yanafungwa na hakuna anayekuuliza wewe utabaki vipi ni jambo linaloumiza, na walikosea kutokuuliza. Hapo huruma yangu inaishia. Umemwachia kijana wa watu achokoe taka akitafuta kitu ulichokifungia sandukuni, na alipokuomba radhi ukanyamaza. Umekuwa tarishi wa ugomvi ulioutengeneza mwenyewe. Na huyo bwana wako wa miezi minane, mama, ana baba yake, ambaye hivi sasa anafukuzwa kwa kosa lako.

Habari ya kuirudisha kadi kabatini iondoe kichwani. Kabati hilo wamelipekua mara ngapi? Ikionekana humo, Hamisa atasema Ally ndiye aliyeificha na sasa ameogopa, na hapo ndoa hiyo hutaiunganisha tena wewe wala mimi.

Wala usikimbilie Kisarawe kuifuata. Ukishaishika mkononi utapata wazo jingine kama ulivyopata lile la kwanza. Sema kwanza, na useme leo. Hamisa akirudi mpokee mkoba, mkalishe, umwambie: "Kadi niliichukua mimi. Sikutaka mtoto aondoke." Ukifika hapo nyamaza. Usilete presha, usilete uzee. Atakasirika, na ana haki, mwache akasirike mpaka amalize.

Kisha Ally. Najua kwenu mama mkwe na mkwe hawaketi wakaelezana mambo, na utataka kumtuma Hamisa au umwite mjomba. Usimtume mtu. Yeye alikuja mbele yako akiwa ametoka shimoni, na wewe nenda mbele yake. Kama unaona aibu kukaa, simama. Ukimwambia "Nimekukosea, baba, nisamehe," inatosha, na macho ukitaka uyaangushe chini, hakuna atakayekulaumu.

Kesho yake Hamisa aombe ruhusa kazini mwende wote Kisarawe na mtoto, mfungue hilo sanduku pamoja. Gari za kubadilisha njiani zitamwonyesha Hamisa mwanawe anastahimili safari kiasi gani kabla hajampeleka Singida. Kadi ikipatikana mpitishe mtoto kliniki apimwe uzito, na nesi awaeleze chanjo ya miezi tisa ataipata wapi akiwa ameshahama. Siku ya kuondoka kadi ikae kwenye mkoba wa mama, si ndani ya begi kubwa. Nguo mbili za kubadilisha ziwekwe juu, na asionjeshwe chakula kigeni siku hiyo.

Na lile daftari bado halijakamilika. Hamisa ameandika nepi na sweta. Hajaandika mtoto anapenda uji mzito au mwepesi, analalia ubavu gani, na kilio chake cha jioni ni cha njaa au cha usingizi, kwa sababu hajui, alikuwa kazini. Anayejua ni wewe. Mpe kalamu aandike, usimfiche hata kimoja.

La mwisho. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hakuna mahali ulipomwambia mwanao kwamba mtoto akiondoka utaumia. Umemkanda, umempikia, umemlelea, ila hilo hukulisema, naye akadhani uko tayari. Liseme. Si ili wabaki. Wataondoka, na waondoke. Liseme ili huko Singida Hamisa ajue kuna mtu wa kumpigia simu kila jioni amsikilizishe sauti ya mtoto.

Majina tumeyabadilisha, lakini mwanao akianza kusoma barua hii atajijua kabla hajafika nusu, na gazeti hili linauzwa Maili Moja, pale anaposhukia akitoka kazini. Afadhali alisikie kwako kabla hajalisoma kwangu.