Shanga za Babu kutoka China

Masanja mdogo wangu,

Salamu kutoka Geita, ambako dhahabu inakwenda kwa wenyewe na vumbi linabaki kifuani mwangu. Leo nimejikongoja hadi dukani kwa Mama Rukia, hapa Kalangalala, kununua shanga nyeupe za mizimu. Ndiyo, mimi, katekista mstaafu niliyewafundisha watoto wa watu kwamba shanga hizo ni ushetani.

Mama Rukia, akiwa ametoka kuswali adhuhuri, akazitoa kwenye boksi moja na rozari. "Zote za China, mzee wangu. Mizimu haijanirudishia hata moja."

Nilicheka hadi nikakohoa. Hata za babu yetu zilitoka ng'ambo. Misafara ya pwani ilimletea, ikaondoka na pembe za ndovu. Kisha Wazungu wakaja na bunduki na padri, wakamvua shanga, wakampa rozari. Mila zetu zimesafiri kuliko sisi.

Sidhani kama nitaziona mvua zijazo. Utakaponiosha, rozari iache mikononi, padri aione. Shanga ziache chini ya shati, babu azione.

Michembe ya shemeji, viazi vyake vya kukaushwa, nitaikumbuka kokote nitakakopokelewa.

Kaka yako,
Lugata